Irja Alivyojifunza Kulia

Mke wangu Irja alifariki mwezi wa Aprili, siku zile barafu ya ziwani inapoanza kuwa nyeusi na watu wanakatazwa kuikanyaga. Kanisani walimsifu kwa upole wake, kwa miaka aliyofanya kazi katika jiko la shule, na kwa mkate wake mweusi wa rai, ile nafaka ya nchi za baridi. Yote ni kweli. Lakini jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya hakuna aliyelitaja, kwa kuwa tuliolishuhudia tulikuwa wachache, na mimi mwenyewe nilichelewa kulielewa. Naliandika sasa, kabla sijaanza kuchanganya lipi lilitangulia na lipi lilifuata.

Ni habari ya miezi yetu ya kwanza na Malai.

Tulimleta nyumbani Oktoba mwaka 1993, akiwa na umri wa mwaka mmoja na miezi minane. Tulikuwa tumeoana miaka kumi na mmoja. Miaka ya mwanzo tulisubiri mtoto wa kumzaa wenyewe, halafu daktari akatuandikia barua fupi. Irja aliisoma amesimama, akaikunja, akatoka nje kupanga kuni. Alipanga mpaka rundo likagusa dari ya banda. Kisha akaingia ndani, akanawa mikono, akachemsha viazi. Mimi sikusema kitu, naye hakusema kitu. Ndivyo tulivyokuwa, na ndivyo walivyo watu wa kwetu. Mtu akitaka kulia anakwenda kulilia mahali ambapo hatamsumbua mwenzake.

Baada ya hapo tulijaza fomu za kuasili mtoto, tukahojiwa, tukasubiri miaka minne, na mwisho tukapanda ndege kwenda Thailand.

Makao ya watoto aliyokuwa akiishi Malai yalikuwa safi. Walezi walikuwa wakarimu, ila walikuwa wanne kwa watoto arobaini. Vitanda vilipangwa safu kwa safu. Kilichonishangaza ni utulivu. Watoto wote wale, na bado ungeweza kusikia feni ikizunguka darini. Nilimnong'oneza Irja, "Unaona walivyolelewa vizuri?"

Irja alikuwa akitazama kitanda kimoja baada ya kingine, kama mtu aliyeingia jikoni akasikia harufu ya kitu kinachoungua na hajui ni sufuria ipi.

Ndani ya ndege Malai hakulia. Masikio yalimuuma kama yalivyotuuma sote, maana alikuwa akiyashika, lakini hakutoa sauti. Mzee mmoja aliyekaa nyuma yetu alinigusa bega tulipotua Helsinki. "Hongereni," akasema. "Mtoto wa namna hii ningechukua hata mimi." Nikatembea mpaka kwenye treni kifua mbele.

Sasa niseme ukweli wangu, kwa sababu bila huo sifa za Irja hazitaeleweka. Niliona fahari. Wakati huo nilikuwa dereva wa greda la halmashauri, lile linalosukuma theluji barabarani, na asubuhi kabla hatujatawanyika tulikuwa tunakunywa kahawa gereji. Mwenzangu mmoja, Kauko, alikuwa na mtoto wa rika la Malai.

"Wangu analia akivalishwa soksi," Kauko alisema. "Analia akivuliwa soksi. Wako mnampa nini?"

"Maziwa tu, kama wako."

"Hajalia hata mara moja?"

"Hata mara moja."

"Basi nibadilishie. Nitakuongezea na pikipiki."

Wote walicheka, na mimi nikacheka. Kwenye kliniki ya watoto muuguzi alimchoma Malai sindano, Malai akaitazama ile sindano ikiingia na kutoka, na muuguzi akaandika kwenye kadi: mtoto rahisi. Mama yangu Saimi, aliyekuwa akiishi katika nyumba ndogo upande wa pili wa ua, naye alifurahi. Alilea watoto watano, mimi nikiwa wa kwanza, na hakupenda makelele.

"Huyu amekuja akiwa na adabu zake tayari," alisema. "Hamtakuwa na kazi."

Irja alikuwa anasikiliza haya yote huku anaosha vyombo.

Baada ya chakula cha mchana tulikuwa tukimfunika Malai vizuri, tukamlaza katika kigari chake nje, chini ya dirisha la jikoni, alale kwenye baridi kama tulivyolala sisi sote utotoni. Mtoto akiamka analia, unakwenda kumchukua. Siku moja Irja aliweka kiti dirishani, akakaa kumtazama. Nilipotoka kazini nilimkuta bado yuko pale, kahawa yake imepoa.

"Ameamka saa saba na nusu," alisema. "Nimemwacha kusudi. Nilitaka kuona."

"Kuona nini?"

"Atafanya nini. Amelala chali macho wazi dakika arobaini. Mate yameganda shavuni yakawa barafu. Hakugeuza hata kichwa kutazama mlango." Alisimama, akamwaga ile kahawa. "Ahti, huyu hajatulia. Huyu ameacha kuita."

Nikamwambia anafikiria mno. Nilimwambia kuna watu wangelipia utulivu kama ule. Irja akatoka, akaingiza kigari ndani, na tangu siku hiyo Malai alilala jikoni. Mama alilalamika kwamba hewa ya ndani itamdhoofisha mtoto. Irja akasema, "Huenda, mama," na kigari hakikutoka tena.

Jumamosi moja mwishoni mwa Novemba Irja alikwenda dukani, nikabaki na Malai. Nilikuwa nimewasha jiko la kuni, nikakaa mezani na gazeti. Malai alikuwa anacheza sakafuni nyuma yangu. Kutoka kwangu mpaka pale alipokuwa ni hatua mbili, si zaidi. Nilisoma gazeti lote, mpaka matangazo ya trekta. Nilikuwa najisikia baba mwenye bahati.

Irja aliporudi alipiga magoti kumsalimu Malai, akaushika mkono wake, akaugeuza. Kisha akaniambia nije. Kiganja chote kilikuwa na malengelenge. Alikuwa ameshika mlango wa chuma wa jiko.

"Saa ngapi?" Irja aliuliza.

Sikujua. Ingeweza kuwa robo saa, ingeweza kuwa saa nzima. Malai alikuwa amekaa ameuweka ule mkono mapajani, kiganja juu, anatutazama kwa zamu kama mgeni asiyetaka kuwasumbua wenyeji. Irja alimbeba mpaka kwenye maji baridi. Hakunilaumu, siku ile wala baadaye. Lakini yale maneno ya gereji, kwamba mtoto wangu halii, sikuyasema tena.

Jumatatu, mkono ukiwa umefungwa bendeji, Irja alinisubiri mlangoni nikivua viatu.

"Nimefikiria," alisema. "Hajui kwamba mtu akiumia anaita, halafu mwingine anakuja. Hajawahi kuona. Humu ndani pia hataona."

"Kwa nini hataona?"

"Wewe ulinigonga na mlango wa gari mwaka juzi. Nilisema nini?"

Nikakumbuka. Alisema, si kitu.

"Basi," alisema. "Tutamfundisha. Mimi nitalia, wewe utakuja."

Nilidhani anatania. Kesho yake nikiwa nakula alisimama jikoni katikati, akajigonga goti kwenye benchi, na akasema, "Aa. Aa. Naumia." Alisema kama mtu anayesoma tangazo la mkutano wa kijiji. Malai alikuwa kwenye kiti chake kirefu, kijiko mdomoni.

"Njoo sasa," Irja aliniambia pembeni ya mdomo.

"Nifanye nini?"

"Unipe pole."

"Pole."

"Si kutoka hapo mezani. Njoo unishike. Pulizia."

"Nipulizie wapi?"

"Goti, Ahti. Nimegonga goti."

Nikapiga magoti mbele ya mke wangu, miaka kumi na mmoja ya ndoa, nikapuliza goti lake juu ya soksi nzito za sufu, masikio yangu yakiwaka moto. Malai alitutazama mpaka mwisho, kisha akaendelea na uji wake wa shayiri.

Tulifanya hivyo kila siku. Mara tatu, mara nne kwa siku. Irja alijikwaa kwenye zulia la matambara, alijichoma na sindano ya kufumia, alijigonga kichwa kwenye kabati. Mwanzoni alikuwa mwigizaji mbaya kuliko wote niliowahi kuona. Nilimwambia hivyo, akasema, "Na wewe unapuliza kama unayepoza supu." Zamu yangu ilipofika nilikataa kwa wiki nzima. Nilikuwa mtu mzima, dereva wa mashine ya tani kumi na tano. Siku ya nane nilidondosha kuni kwenye kidole cha mguu, kweli kabisa, na nikameza sauti kama kawaida yangu. Nilipoinua uso nikamwona Malai ananitazama. Alikuwa ameona vizuri jinsi kumeza kunavyofanywa. Nikakaa sakafuni nikasema, "Irja, nimeumia." Akaja mbio kutoka chumba cha pili, akidhani nimevunjika.

Jambo jingine alilofanya ni kuitika. Malai akifungua macho tu, kabla hajafanya lolote, Irja alikuwa anajibu kwa sauti, "Naam, nakuja, umeniita." Hakuwa ameitwa. Alijibu vilio ambavyo havikuwapo, asubuhi na mchana, wiki baada ya wiki, na kila mara alikwenda. Akiwa anakanda unga, alikwenda na mikono ya unga. Mimi nikifanya kazi isiyoonyesha tofauti nachoka siku ya tatu. Irja alifanya hivyo Desemba yote na Januari yote, na kwa jinsi Malai alivyokuwa akimpokea, ni kama Irja alikuwa anaziitikia kuta.

Mama alivumilia mpaka baada ya Krismasi. Siku moja aliingia akamkuta Irja amekaa sakafuni ameshika kiwiko, analalama, na mimi nimemkumbatia. Alingoja tumalize.

"Nilidhani nimeshaona yote," alisema. "Mmepewa mtoto asiyelia, na mnamfundisha kulia. Kesho mtamfundisha kuiba?"

"Mama, kaa tunywe kahawa," nilisema.

"Sikai. Mimi nimelea watano. Walipofika miaka miwili walijua kwamba mtu akianguka anainuka."

Irja alikuwa bado sakafuni. Alisema taratibu, bila ukali, "Hao watano, mama, walijifunza kunyamaza baada ya kujua kwamba utakuja. Huyu alinyamaza kwa sababu alijua hakuna anayekuja. Ukiwatazama kwa nje wanafanana."

Mama alifunga mtandio wake akaondoka. Hakuja kwetu siku nne, na kwa nyumba mbili zinazotazamana uani, hizo ni siku nyingi.

Februari ilikuwa baridi kali. Irja alikuwa amekonda. Jumanne moja nilikuwa nyumbani kwa sababu greda lilikuwa bovu. Alikuwa anatoa mikate ya rai tanurini, na sinia moja ikamponyoka ikamwangukia mguuni. Haikuwa maigizo. Alisema "Aa," akakaa chini, na mimi nikaenda kama nilivyozoea, nikapuliza. Akaanza kulia. Nikapuliza tena. Hakunyamaza. Alilia mabega yakitikisika, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, nzito, ya chini, kama inatoka mahali palipofungwa siku nyingi.

"Hii ni ya mchezo?" nilimuuliza sikioni.

"Sijui," alisema. "Ile barua, Ahti. Siku ya ile barua ulikuwa umekaa hapo hapo mezani. Hukutoka kuja bandani."

"Nilidhani unataka kuwa peke yako."

"Na mimi nilidhani hivyo."

Nikamshika. Nikamwambia nilichokuwa nacho, kwamba nipo. Mikate ilikuwa imetapakaa sakafuni. Na hapo ndipo Malai alipokuja. Alikuja kwa miguu yake, akazunguka mkate mmoja, akasimama mbele ya Irja, akauangalia uso wake ulivyolowa. Kisha akainama akampuliza goti. Hakuwa ameumia goti, lakini goti ndilo alilokuwa amefundishwa. Alipuliza mara mbili, akakaa chini karibu yetu.

Wakati huohuo mlango ukafunguka. Kwetu jirani hagongi mlango. Anakung'uta theluji kwenye ngazi, nawe unamsikia. Siku ile hatukumsikia. Alikuwa Taimi wa ng'ambo ya ziwa, amekuja kuazima sinia. Alituona sote watatu sakafuni katikati ya mikate, Irja amevimba macho, akasema, "Samahani," akafunga mlango.

Kesho yake alinisimamisha barabarani nikiwa ndani ya greda. Alinyoosha kikapu juu mpaka dirishani. Kilikuwa na mikate mitamu ya hiliki, bado ya moto.

"Ahti," alisema, "mimi siingilii nyumba za watu. Lakini kama ni pombe, kuna mchungaji."

"Si pombe, Taimi."

"Sijasema ni pombe. Nimesema kama."

Kufika Ijumaa kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba kwa Ahti hali si nzuri. Gereji, Kauko alinimiminia kahawa bila mzaha wowote, na hilo liliniogopesha kuliko lolote. Nilirudi nyumbani nikamwambia Irja labda tupumzike kidogo na lile zoezi, angalau mpaka watu wasahau. Alikuwa anamvisha Malai. Akasema bila kugeuka, "Wewe pumzika. Mimi siwezi kupumzika katikati." Alisema kwa upole, na nikaona haya. Mwanamke ambaye maisha yake yote hakutaka kusemwa, ambaye akikohoa kanisani aliomba radhi, alikuwa ameruhusu kijiji kimseme wanachotaka, kwa ajili ya mtoto ambaye bado hakuwa amemwita hata mara moja.

Jioni hiyo mama alikuja. Mwanzoni hakutaja maneno ya watu. Alichukua kisu akakaa kumenya viazi upande wa pili wa meza. Irja alikuwa mbele ya jiko ametupa mgongo. Mama alimenya viazi vitatu vinne.

"Nilipokuwa na miaka minane," alisema, "watoto tulipelekwa Sweden kwa treni, bila wazazi, kutuepusha na vita. Mnajua hiyo."

Tulijua kwamba alipelekwa. Hakuwahi kusimulia.

"Behewa lilikuwa limejaa watoto. Kila mtu na kadi ya jina shingoni. Tulipoondoka tulikuwa tunalia wote, ungedhani treni inaendeshwa na vilio. Mpaka Tornio, pale mpakani, tukawa tumenyamaza. Wale akina mama wa huduma waliotusindikiza wakasema, watoto wazuri hawa." Alitupa kiazi kwenye maji. "Hakuna aliyekuwa mzuri. Tulikuwa tumeelewa tu."

Irja aligeuka. Nadhani alitaka kumwendea, lakini mama aliinua kisu kidogo kumzuia.

"Hao watu wa kijiji wataendelea kusema ovyo," alisema. "Lakini wewe endelea."

Hiyo ndiyo mara pekee ambayo mama yangu aliwahi kuizungumzia ile treni.

Machi ilipofika jua lilikuwa limerudi, na theluji ya juu iliganda asubuhi kiasi cha kumbeba mtu bila kuzama. Malai alikuwa ameanza kumfuata Irja kila chumba, mikono mbele, lakini sauti hakuwa nayo bado. Akianguka alikuwa anatazama huku na huku, mdomo unatetemeka, halafu unafungwa. Irja aliuona ule mtetemeko kabla yetu sote. "Iko hapo," alisema akijigusa koo. "Haijui njia."

Jumapili moja mama alimwambia aende akatembee. Tangu Oktoba alikuwa hajatoka peke yake kwa zaidi ya nusu saa. Irja alisita, akamwambia Malai mara mbili kwamba anakwenda kwa Taimi na atarudi, akamwonyesha ziwa dirishani, kisha akavaa mbao zake za kutelezea thelujini, akaondoka. Mimi nilikuwa juu ya paa la sauna, kibanda chetu cha kuogea mvuke, nikisukuma theluji chini. Nilimwona akikata ziwa, akawa mdogo, kisha doa la bluu kwenye weupe wote ule.

Nikasikia sauti. Mwanzoni nilidhani ni mbwa wa jirani. Halafu nikadhani ni msumeno. Niliacha koleo nikasikiliza. Ilikuwa inatoka ndani ya nyumba yangu.

Mlango ukafunguka na mama akatoka na soksi, bila viatu, aproni kifuani. Alisimama kwenye ngazi, akanitazama juu ya paa.

"Analia," alisema, kwa sauti yake ya kawaida, kama anayenitajia saa.

Kisha akashuka ngazi. Alikwenda na soksi zake mpaka ukingoni mwa ziwa, akaweka mikono pande mbili za mdomo, na akapiga ukelele. Mama yangu, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti hata ng'ombe walipoingia kwenye shayiri.

"Irja! Mtoto anakuita!"

Barafu inapeleka sauti mbali sana. Ng'ambo niliona mlango wa Taimi ukifunguka, na mwingine, na mwingine. Mama akaita tena. Lile doa la bluu likasimama, likageuka, likaanguka, likaacha mbao pale pale na kuanza kukimbia kwa miguu.

Nilishuka paa nusu kwa ngazi na nusu kwa mgongo. Malai alikuwa ndani, kwenye ukumbi wa mlangoni, anaupiga mlango kwa viganja vyote viwili, uso umelowa mpaka shingoni, mdomo wazi kabisa. Nilijaribu kumbeba. Alinisukuma. Nilijaribu kumpulizia, akanisukuma tena, akaelekeza mkono nje na kulia kwa hasira. Hakunitaka mimi. Sijawahi kukataliwa maishani nikashukuru kiasi kile.

Irja aliingia kofia imepotea, theluji mpaka kiunoni, anahema hata hawezi kusema. Malai alipomwona alilia zaidi. Irja alipiga magoti, na Malai akampiga kofi la shavu, kofi la mtoto lenye machozi, akampiga na la pili. Irja alipokea yote mawili. Kisha Malai akajitupa shingoni mwake akamshika nywele kwa ngumi zote mbili.

"Naam," Irja alimwambia. "Nimekuja. Umeniita, nimesikia, nimekuja."

Mama aliingia nyuma yake, akavua soksi zilizolowa, akafunga mlango akisema joto linatoka. Alikwenda dirishani akasimama ametupa mgongo, na mabega yake hayakuwa yametulia. Safari hii niliinuka kutoka pale nilipokuwa, nikaenda nikasimama karibu naye.

Malai alilia nusu saa nzima. Hakuna aliyemwambia anyamaze.